Gumba Lisisimame: Kujifunza Gitaa Kavu la Mwenda Jean Bosco

Ukimsikia Mwenda Jean Bosco kwa mara ya kwanza utadhani wamekaa wawili, mmoja ameshika besi na mwingine anapamba juu. Ni mtu mmoja, gitaa moja lisilo na umeme, na vidole viwili vya mkono wa kulia. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka vidole vyake viwili vifanye kazi hiyo bila kukanyagana. Unachotakiwa kuwa nacho ni uwezo wa kushika chodi za C, F na G7, hata kama kwa kuhangaika.

Kwanza mjue unayemfuata, angalau ujue wapi pa kumtafuta. Alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, Katanga, kusini mwa Kongo, kwenye kitovu cha Wayeke. Wayeke asili yao ni Unyamwezi: Msiri alitoka huko karne ya 19, akajenga utawala wake Bunkeya, na yeye pia alikuwa akiitwa Mwenda. Kwa hiyo Mtanzania anayesema Bosco ni wa Wakongo peke yao amekata ukoo katikati. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki aliyekuwa na makao yake Afrika Kusini, alimrekodi Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, na wimbo "Masanga" ukasambaa kwa santuri. Kuelekea 1960 Bosco alikaa Nairobi kwa muda, akawa na kipindi redioni, na vijana wa Kenya wakaanza kukaza nyuzi zao kumfuata. Mwaka 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Sehemu kubwa ya maisha yake aliishi Lubumbashi, na mkate haukutoka kwenye gitaa peke yake. Aliwahi kufanya kazi benki na kwenye kampuni ya migodi. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari.

Jina linasumbua wanaomtafuta. Zaire ya Mobutu ilipopiga marufuku majina ya Kikristo mwanzoni mwa miaka ya 1970, Jean Bosco akawa Mwenda wa Bayeke. Tafuta kwa majina yote: Mwenda Jean Bosco, Jean-Bosco Mwenda, Bosco Mwenda, Mwenda wa Bayeke. Ukitumia moja tu utakosa ama rekodi za ujana wake ama za uzeeni, na unazihitaji zote. Za 1952 zina kasi na ukali. Za miaka ya 1980 zimerekodiwa safi zaidi, na besi inasikika vizuri. Anza kujifunza kwa hizo za baadaye, kisha rudi nyuma.

Gitaa lenyewe

Usinunue gitaa la bei mbaya. Muziki huu ulikua kwenye magitaa ya kawaida kabisa. Chapa ya Gallotone ya Afrika Kusini ilienea hadi baadhi ya watu wakawa wanaliita gitaa kavu lolote "galatoni". Unachohitaji ni nyuzi za chuma, seti nyembamba inayoanzia 0.011 au 0.012. Nyuzi za nailoni hazifai hapa: besi yake ni laini, inavutika, na gumba linapoteza ule mgongo mkavu unaoshikilia wimbo.

Kabla ya kuanza, pima urefu wa nyuzi kutoka kwenye freti ya 12. Uzi wa sita (ule mnene kabisa) uwe juu ya freti kwa milimita 2 hadi 2.5, na uzi wa kwanza (mwembamba kabisa) milimita 1.5 hadi 2. Ukikuta milimita 4, shingo imepinda au kibao kinachoshika nyuzi kwenye sanduku kimeinuka; utaumia vidole na F haitakaa kamwe. Mpelekee fundi kwanza. Ukiwa Mombasa, Tanga au Unguja, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, maana hewa ya chumvi inazila kwa wiki chache. Uzi wenye kutu hautuni: utaukaza ukiwa wazi ukae sawa, ukibonyeza freti ya 12 unapanda au unashuka. Huo wa kutupa.

Mkono wa kulia

Gumba linamiliki nyuzi za sita, tano na nne. Kidole cha shahada kinamiliki za tatu, pili na kwanza. Vidole vitatu vilivyobaki havina kazi. Viache vining'inie au kidole cha mwisho kiegemee ubao. Wengi waliosomea gitaa la kizungu wanaleta kidole cha kati na cha pete kusaidia, na hapo ndipo mtindo unapofia. Shahada peke yake inapokimbia kutoka uzi wa kwanza hadi wa tatu inalazimika kuruka pigo fulani na kuchelewa jingine kidogo, na ladha iko humo. Ukigawa kazi kwa vidole vitatu, kila noti inafika kwa wakati na muziki unakuwa kama wa saa ya ukutani. Michoro ya vidole iliyoko mtandaoni, mingi imeandikwa na watu wa vidole vitatu, kwa hiyo iamini kwa noti, usiiamini kwa mkono.

Gumba lipige kwa ubavu wa nyama, likisukuma kwenda chini. Shahada ivute kwenda juu kuelekea kiganja, na ukucha utokeze milimita 1 tu. Ukucha mrefu unakwama kwenye uzi wa chuma na kuvunjika katikati ya onyesho.

Wiki ya kwanza ni gumba peke yake. Shika C. Piga uzi wa tano, wa nne, wa tano, wa nne, mapigo 60 kwa dakika, dakika tano bila kusimama. Inachosha na inaonekana upuuzi, lakini mtu asiyeweza kuongea na jirani huku gumba likienda hataweza kuimba huku gumba likienda. Jipime hivyo hasa: muulize mtu bei ya nyanya, sikiliza jibu, mjibu. Gumba likiyumba, bado.

Wiki ya pili ingiza shahada. Gawa kila kipimo (baa) katika mapigo madogo manane. Gumba linapiga la 1, la 3, la 5 na la 7. Shahada inapiga la 1, la 4 na la 7:

Mapigo:    1 2 3 4 5 6 7 8
Gumba:     G . G . G . G .
Shahada:   S . . S . . S .

Tazama pigo la 4. Hapo gumba limenyamaza na shahada iko peke yake, katikati ya gumba mbili. Kwenye la 1 na la 7 vinapiga pamoja, kama kubana. Gumba linahesabu mbili mbili. Shahada inahesabu tatu, tatu, mbili. Kosa linalotokea kwa karibu kila mtu ni kwamba shahada ya pigo la 4 inavutwa hadi la 3 au la 5 ili ikae pamoja na gumba, kwa sababu mkono unapenda kufanya kitu kimoja kwa wakati mmoja. Dawa si kupiga polepole zaidi peke yake. Weka gitaa chini, gonga meza kwa gumba la kulia kama lilivyo kwenye mchoro, na sema kwa sauti "ta" kwenye 1, 4 na 7. Mdomo ukizoea, kidole kitafuata. Hili ni zoezi la kufungua mkono, si nakala ya wimbo wake wowote.

F ndiyo kikwazo

Nyimbo nyingi za mtindo huu zinazunguka C, F na G7, na F ndiyo inayowarudisha watu nyumbani. Usishike ile F ya kulaza kidole nyuzi zote sita. Kutoka C, angalia jinsi vidole vinavyohama: kidole cha pete kilikuwa uzi wa tano freti ya 3, kinashuka hadi uzi wa nne freti ileile. Cha kati kilikuwa uzi wa nne freti ya 2, kinashuka hadi wa tatu freti ileile. Shahada ya kushoto inabaki uzi wa pili freti ya 1, inajilaza kidogo tu kushika na uzi wa kwanza. Yaani viwili vinashuka uzi mmoja, cha tatu hakiondoki. Mtu anayeinua vidole vyote hewani na kuvirudisha upya anachelewa nusu pigo kila mara, na gumba linamsubiri, na muziki unachechemea.

Bado unahitaji besi ya F. Njia ya kwanza ni gumba la mkono wa kushoto kupanda juu ya shingo na kubonyeza uzi wa sita freti ya 1. Mwenye kiganja kikubwa haoni shida. Njia ya pili, kwa mwenye mkono mdogo au shingo nene, ni kukaza uzi wa sita nusu toni, kutoka E hadi F, ili upatikane ukiwa wazi. Uzi mpya unavumilia nusu toni bila tabu. Ila kuna malipo mawili. Ukiwa kwenye C, gumba lisiguse kabisa uzi wa sita ukiwa wazi, maana F chini ya C inachafua kila kitu. Na besi ya G imehama: sasa iko freti ya 2, si ya 3. Watu wanakaza uzi, wanafurahia F, halafu wakifika G wanapiga G kali isiyo na kwao na kudhani gitaa limetoka tuni.

Sasa unganisha. Vipimo vinne, na shahada sasa inaimba kitu (namba za gumba ni za nyuzi):

Kipimo cha 1, C. Gumba: 5, 4, 5, 4. Shahada: uzi wa kwanza wazi, uzi wa pili freti ya 3, uzi wa pili freti ya 1.

Kipimo cha 2, F. Gumba: 6, 4, 6, 4. Shahada: uzi wa pili freti ya 1, uzi wa tatu freti ya 2, uzi wa pili freti ya 1 tena.

Kipimo cha 3, C. Gumba: 5, 4, 5, 4. Shahada: uzi wa kwanza wazi, uzi wa kwanza freti ya 3, uzi wa kwanza wazi.

Kipimo cha 4, G. Gumba: 6, 4, 6, 4, uzi wa nne ukiwa wazi. Shahada: uzi wa pili freti ya 3, uzi wa pili wazi, uzi wa tatu wazi.

Freti ya 3 ya nyuzi nyembamba ni ya kidole cha mwisho kila wakati. Kwenye kipimo cha 4 huhitaji chodi nzima. Kidole cha kati kikae uzi wa sita, cha mwisho uzi wa pili, basi. Ukiweza kuzunguka mara 20 bila kosa, ongeza mapigo manne kwa dakika. Ukikosea mara ya 15, usiongeze, hata kama kosa lilikuwa dogo. Ukifika mapigo 90, anza kubadilisha noti za shahada kila mzunguko wa pili, gumba likibaki lilelile. Bosco ndivyo alivyokuwa akijenga: wazo fupi, linarudi limegeuzwa sura kidogo, linageuzwa tena, na besi haisemi lolote kuhusu mageuzi hayo.

Kapo ya penseli

C inaweza kuwa chini mno kwa koo lako. Hapo unahitaji kapo, kibano kinachobana nyuzi zote kwenye freti moja ili sauti ipande. Kapo ya dukani inafaa, lakini ya penseli ndiyo iliyozunguka Katanga na Zambia, na inafanya kazi ukiitengeneza vizuri. Kata kipande cha penseli ya duara chenye urefu wa sentimita 7. Ya pembe sita inaweza kukaa na ukingo juu ya uzi na kuleta mlio wa nzi. Kata utepe wa tyubu ya baiskeli wenye upana wa sentimita 1 na urefu kama 25. Laza penseli nyuma tu ya freti, upande wa funguo za kukazia, zungusha mpira mara mbili chini ya shingo na ufunge. Shingo za magitaa ya chuma zina mgongo kidogo, hivyo penseli inabana nyuzi za katikati na kuziacha ya kwanza na ya sita zikilia ovyo. Tia kipande kingine cha tyubu kati ya penseli na nyuzi. Kisha tuni upya, kila mara, kwa sababu kapo inavuta nyuzi juu, hasa zile nene. Kapo kwenye freti ya 2, umbo la C linalia D. Freti ya 4 linalia E. Freti ya 5 linalia F.

Kusikiliza santuri

Utafika siku unataka kunyofoa "Masanga" yenyewe. Usiianze kabla ya miezi mitatu. Shahada yake ina safari nyingi, na ukiiwahi utajifunza makosa yako kwa moyo. Ukishakuwa tayari, jambo la kwanza ni tuni. Santuri za mizunguko 78 kwa dakika mara nyingi hazikuhamishwa kwa mwendo sahihi, na kosa la asilimia 6 tu ni nusu toni nzima. Ukitumia kipima tuni utakuta wimbo uko katikati ya noti mbili na utapoteza jioni ukitafuta chodi ambazo hazipo. Achana na kipima tuni. Sikiliza mahali ambapo wimbo unatulia, ukaze gitaa lako lifuate hapo, na uchukulie kuwa hiyo ndiyo C yako, iwe na kapo au bila.

Punguza mwendo hadi asilimia 70 kwa VLC au Audacity bila kushusha sauti ya noti. Vaa spika za masikioni, punguza sauti za juu, pandisha zile za chini, na nyofoa gumba kwanza, wimbo mzima, kabla ya kugusa hata noti moja ya shahada. Wanafunzi wengi wanafanya kinyume kwa sababu shahada ndiyo tamu. Matokeo yake wanakuwa na melodi nzuri iliyokalia besi ya kubahatisha, na hawaelewi kwa nini haifanani.

Jirekodi pia. Simu ikae kama sentimita 60 kutoka kwenye gitaa, ikielekezwa pale shingo inapokutana na sanduku. Ukiielekeza kwenye tundu, besi itavimba na kuficha makosa ya gumba, ambayo ndiyo uliyoyafuata.

Sauti na maneno

Bosco aliimba kwa Kiswahili cha Katanga, hivyo usishangae maneno yakikupita. Usiyanyooshe kuwa Kiswahili cha shule, yaache yalivyo. Unapotunga ya kwako, chunga mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na mkazo huo unataka kukutana na 1, 4 au 7 ya shahada. Ukiukosea, msikilizaji anasikia neno jingine. "Barabara" ukikaza silabi ya tatu ni njia ya magari. Ukikaza ya pili, ni sawasawa kabisa. Soma mstari wako kwa sauti ukigonga mchoro wa mapigo manane juu ya meza, na kama neno linagoma, badilisha neno, usibadilishe mapigo. Mistari iwe mifupi, silabi nane hadi kumi na mbili, na baada ya kila miwili liachie gitaa vipimo vinne liongee peke yake. Unapoimba, shahada irudi kwenye zoezi lile rahisi. Mapambo yawe kwenye vipindi vya kimya. Kujaribu vyote pamoja ni njia ya haraka kuliko zote ya kusimamisha gumba.

Wanaopiga kwa mtindo wa magharibi mwa Kenya, ule wa akina George Mukabi unaoitwa omutibo, wana undugu na huu lakini si uleule. Usichanganye hadi mmoja umeshika. Kitu kimoja cha kuazima mapema ni chupa ya Fanta ya kioo, ile yenye mikunjo. Mpe mwenzako chupa na kipande cha chuma, kama msumari wa inchi 5, akwaruze na kugonga mapigo yote manane kwa sauti ndogo, bila kukazia lolote. Asifuate shahada yako hata kidogo. Akianza kukufuata kwenye la 4, mbadilishane: yeye ashike gitaa, wewe chupa, mizunguko 20.